Mgeni wa Koshien: Miaka Sita ya Randy Bass Japani

Usiku wa tarehe 16 Oktoba 1985, daraja la Ebisubashi katikati ya jiji la Osaka lilijaa watu hata pakakosekana pa kutia mguu. Chini yake unapita mfereji wa Dotonbori, maji yake machafu yakimetameta kwa taa za matangazo. Muda mfupi kabla, kule Tokyo, timu yao ya besiboli ya Hanshin Tigers, Chui Milia, ilikuwa imetoka sare ya 5-5 na Yakult Swallows. Sare hiyo iliwatosha. Ubingwa wa Ligi ya Kati ya Japani ulikuwa umerudi Osaka baada ya miaka 21.

Umati ulianza kuita majina ya wachezaji, mmoja baada ya mwingine. Kila jina lilipotajwa, shabiki aliyefanana kidogo na mchezaji huyo alipanda ukingo wa daraja na kujitosa majini huku wenzake wakipiga kelele za furaha. Mambo yakaenda vizuri mpaka lilipofika jina la Randy Bass. Huyo alikuwa Mmarekani, mzungu mwenye mwili mkubwa na ndevu, na pale darajani hapakuwa na mtu wa kumfanania. Basi wakamtafuta mzungu mwingine mwenye ndevu. Karibu na hapo palikuwa na mgahawa wa KFC, na mlangoni pake ilisimama sanamu ya plastiki ya Kanali Sanders. Wakaing'oa, wakaibeba juu kwa juu na kuitosa mtoni.

Kisa hicho kimesimuliwa dunia nzima, na watu wengi hawajui kingine chochote kuhusu Bass. Naona amedhulumiwa. Mtu aliyewafanya watu wazima wavamie mlango wa mgahawa usiku wa manane alikuwa na habari yake mwenyewe, na habari hiyo ni nzito kuliko sanamu.

Alizaliwa tarehe 13 Machi 1954 katika mji wa Lawton, jimbo la Oklahoma. Mwaka 1972, akiwa kijana wa miaka 18, alichaguliwa na klabu ya Minnesota Twins. Alikuwa mpigaji wa mkono wa kushoto, mwenye mabega mapana, na alipoukuta mpira sawasawa haukurudi. Lakini kuanzia 1977 hadi 1982 alizungushwa katika klabu tano za ligi kuu ya Marekani: Minnesota, Kansas City, Montreal, San Diego na Texas. Katika miaka yote hiyo alicheza michezo 130 tu. Wastani wake wa kupiga ulikuwa 0.212, na mipira aliyoivusha nje ya ukuta ilikuwa tisa.

Kwa msomaji asiyeujua mchezo huu, nieleze kidogo. Katika besiboli mrushaji hurusha mpira, na mpigaji husimama na gongo mkononi akijaribu kuupiga. Akifanikiwa hukimbilia kituo cha kwanza, kisha cha pili, cha tatu, mpaka arudi nyumbani alipoanzia, na hapo timu yake hupata alama moja, inayoitwa mkimbio. Wastani wa 0.300 maana yake amefanikiwa mara tatu katika kila kumi, na anayefika hapo huhesabiwa fundi. Pigo tamu kuliko yote ni lile linalovuka ukuta na kuangukia kwa watazamaji. Hilo ni homurani: mpigaji anazunguka vituo vyote taratibu, na hakuna wa kumgusa.

Ajabu ni kwamba kwenye ligi za chini Bass alikuwa tishio. Mwaka 1980 akiwa Denver alipiga homurani 37, akaleta mikimbio 143 na kumaliza na wastani wa 0.333. Wenye shaka walisema ni hewa nyepesi ya Denver, mji ulio juu sana kutoka usawa wa bahari, ambako mpira huruka mbali. Makocha wakubwa walimwona mzito wa miguu, walimweka benchi, na kila alipopata nafasi ilikuwa ya siku mbili tatu. Mpigaji anahitaji kusimama mbele ya warushaji kila siku ili jicho lizoee. Bass hakupewa siku hizo nyumbani kwao. Alipofikisha miaka 28 alikuwa na mke, watoto na kazi isiyoeleweka, na ndipo Wajapani walipokuja na mkataba.

Alitua Osaka mwaka 1983. Jambo la kwanza alilokutana nalo lilihusu jina lake. Kwa Kijapani, kama ilivyo kwa Kiswahili, Bass ukilitamka linakuwa gari la abiria: basi. Klabu ya Hanshin ilimilikiwa na kampuni ya reli ya Hanshin, ambayo pia iliendesha mabasi mjini. Viongozi walifikiria magazeti ya michezo yatakavyoandika siku mgeni huyu akiumia au akikosa mpira: basi la Hanshin limeharibika, basi la Hanshin limekwama. Wakaamua kulivuta jina, liandikwe na litamkwe Baasu. Ndivyo anavyojulikana Japani hadi leo.

Wachezaji wa kigeni nao wana jina lao la jumla. Huitwa suketto, neno la kale la mtu anayekuja kumsaidia mwingine katika ugomvi usio wake. Wakati ule kila timu iliruhusiwa kuwachezesha wageni wawili tu. Hivyo mgeni hakuletwa kujifunza wala kusubiri. Aliletwa kuvunja ukuta, na asipouvunja alikuwa anachukua nafasi ya bure. Wengi walirudi makwao kabla ya msimu kuisha, wakilalamikia mazoezi marefu, lugha, chakula na waamuzi.

Bass alikaa. Chumbani kwa wachezaji alijifunza shogi, mchezo wa bao wa Kijapani unaofanana na sataranji, akawa anaucheza na mwenzake Kozo Kawato kabla ya mechi. Msimu wa kwanza alipiga homurani 35. Uwanjani alijifunza kitu ambacho, kwa maoni yangu, ndicho kilichomjenga kuliko nguvu zake zote: alijifunza upepo.

Uwanja wa Koshien, nyumbani kwa Hanshin, ulifunguliwa mwaka 1924 katika mji wa Nishinomiya, si mbali na bahari. Ndiko yanakofanyika mashindano makubwa ya besiboli ya shule za sekondari Japani, na jina lake limefika hata kwetu: mashindano ya taifa ya besiboli ya Tanzania huitwa Koshien ya Tanzania, na uwanja uliofunguliwa mwaka 2018 katika Shule ya Sekondari Azania, Dar es Salaam, unabeba jina hilohilo. Pale Koshien kwenyewe huvuma upepo wa ufukweni, hamakaze, unaotoka upande wa kulia wa uwanja kwenda kushoto. Mpigaji wa mkono wa kushoto kwa kawaida huvuta mpira kwenda kulia. Upepo huo huukamata mpira angani na kuurudisha ndani kwa mdakaji, na wapigaji wengi wa kushoto wamezeeka wakiulaani. Bass alibadili shabaha. Alisubiri mpira umfikie kabisa, akauchelewesha kidogo, kisha akausukuma kwenda kushoto na katikati, ambako upepo ulikuwa rafiki. Mtu aliyeitwa mzito huko kwao alikuwa na akili nyepesi kuliko wengi.

Mwaka 1984 wastani wake ulipanda hadi 0.326. Halafu ukaja 1985.

Mashabiki wa Hanshin wakitaka kumweleza mtoto msimu ule, huanzia tarehe 17 Aprili. Wageni wa Koshien siku hiyo walikuwa Yomiuri Giants wa Tokyo, timu tajiri, timu ya mji mkuu, timu ambayo watu wa Osaka wangefunga mwaka mzima kwa furaha ya kuifunga mara moja. Awamu ya saba, Giants wakiongoza 3-1, wenzake wawili wa Bass walikuwa kwenye vituo. Mrushaji alikuwa kijana Hiromi Makihara. Bass aliupeleka mpira katikati, juu ya ukuta, kwenye eneo la ubao mkubwa. Mikimbio mitatu. Akafuata Masayuki Kakefu, akaupeleka palepale. Akafuata Akinobu Okada, naye palepale. Homurani tatu mfululizo, mahali pamoja, dhidi ya mrushaji mmoja. Hanshin walishinda 6-5. Aliyekuwapo siku hiyo hakuhitaji kuambiwa kwamba mwaka huo ulikuwa tofauti.

Ulikuwa pia mwaka wa msiba. Kila Agosti Hanshin huwapisha wanafunzi uwanjani Koshien na kusafiri kwa majuma kadhaa. Tarehe 12 Agosti 1985 ndege ya Japan Airlines namba 123, iliyokuwa ikitoka Tokyo kwenda Osaka, iligonga mlima, wakafa watu 520. Mmoja wao alikuwa rais wa klabu ya Hanshin. Timu ilipoteza mechi moja baada ya nyingine, watu wakadhani ndoto imekwisha. Haikuisha. Wachezaji waliinuka, na miezi miwili baadaye Osaka ikawa inaruka kutoka darajani.

Bass alimaliza msimu akiongoza ligi kwa wastani, 0.350, kwa homurani, 54, na kwa mikimbio aliyoileta, 134. Mtu akishika nafasi ya kwanza katika vyote vitatu huitwa mwenye taji la mara tatu, na wapo mafundi wakubwa waliostaafu bila kulishika. Alichaguliwa mchezaji bora wa ligi. Kisha wakaingia fainali ya Japani dhidi ya Seibu Lions. Mechi ya kwanza, Bass homurani. Ya pili, homurani. Ya tatu, homurani tena, ingawa hiyo walifungwa. Tarehe 2 Novemba Hanshin walimaliza kazi katika mechi ya sita kwa 9-3. Klabu iliyoanzishwa mwaka 1935 ilikuwa bingwa wa Japani kwa mara ya kwanza katika maisha yake, na mchezaji bora wa fainali alikuwa Bass. Wahenga wetu walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na sijui mfano ulio wazi kuliko huo.

Lakini msomaji arudi nyuma siku chache, kwenye ile namba 54. Rekodi ya Japani ilikuwa homurani 55 kwa msimu, iliyowekwa mwaka 1964 na Sadaharu Oh wa Yomiuri Giants, mtu aliyemaliza maisha yake ya mchezo akiwa na homurani 868. Ratiba iliwapa Hanshin mchezo wa mwisho wa ligi dhidi ya Giants, na kocha wa Giants mwaka huo alikuwa Oh mwenyewe. Bass alihitaji homurani moja tu aifikie rekodi.

Hakupewa mpira. Sheria inasema mrushaji akirusha nje ya eneo halali mara nne, mpigaji hutembea bure hadi kituo cha kwanza. Mara tano Bass alikwenda kupiga, na mara nne mipira ilipita mbali naye, hata kipofu angejua ni makusudi. Wakati mmoja tu alinyoosha gongo na kuudonoa mpira uliokuwa nje, akapata kituo kimoja. Oh alikana kuwa alitoa amri. Keith Comstock, Mmarekani aliyekuwa mrushaji wa Giants wakati huo, alieleza baadaye kwamba warushaji walitishwa na kocha mmoja kuwa kila mpira halali kwa Bass ungetozwa faini ya dola 1,000.

Jambo hili linaniuma kwa sababu ya Oh. Baba yake alikuwa Mchina. Yeye alizaliwa Tokyo, akakulia Tokyo, lakini hakuwa raia wa Japani, na mwaka 1957, akiwa nyota wa shule yake, alizuiwa kushiriki tamasha la taifa la michezo kwa sababu hiyo. Alijua kwa mwili wake uchungu wa kuambiwa huyu si wetu. Na mara mbili tena, mwaka 2001 kwa Tuffy Rhodes na mwaka 2002 kwa Alex Cabrera, wageni waliofikia 55 walikutana na timu iliyokuwa chini yake na kunyimwa mpira wa kupiga. Siamini kwamba Oh alikuwa mtu mbaya. Ila mtu anayeheshimiwa kiasi kile alikuwa na uwezo wa kusema neno moja, mrushieni, na neno hilo halikusikika. Rekodi yake ilivunjwa mwaka 2013 na Wladimir Balentien, mtoto wa kisiwa cha Curaçao, aliyemaliza na 60.

Mwaka 1986 Bass alijibu kwa gongo. Alipiga homurani katika mechi saba mfululizo, akaifikia rekodi nyingine ya Oh. Hiyo ya saba aliipata Tokyo, mbele ya mashabiki wa Giants, dhidi ya Suguru Egawa, mmoja wa warushaji wakali wa zama zile. Akachukua tena taji la mara tatu: homurani 47, mikimbio 109, na wastani wa 0.389. Mashabiki walikuwa na msemo wa kumtaja mfululizo mmoja na Mungu na Buddha, kana kwamba wakiomba walitaja wote watatu, wasimwache mmoja. Mwaka 1987 alipiga homurani nyingine 37. Timu ilikuwa imeshuka vibaya, lakini yeye alibaki palepale.

Kisha Mei 1988 mwanawe mwenye umri wa miaka minane akagundulika kuwa na uvimbe kwenye ubongo.

Bass aliondoka Japani na kumpeleka mtoto San Francisco kutibiwa. Klabu ilitaka arudi kwa tarehe iliyowekwa, naye hakurudi. Alisema alikuwa amepewa ruhusa. Klabu ilisema sivyo. Kulikuwa na jambo jingine chini yake: mkataba uliifunga klabu kulipia matibabu ya familia yake, na ilielezwa kwamba klabu haikuwa imewakatia bima. Gharama ya kutibu ubongo wa mtoto Marekani ni kitu cha kutisha. Mwezi Juni Hanshin walimfukuza. Mtu aliyetajwa pamoja na Mungu na Buddha aliachishwa kazi akiwa kando ya kitanda cha mtoto hospitalini.

Mjini Osaka watu waligawanyika. Wapo waliosema kazi ni kazi na timu ni timu, kwamba mchezaji wa Kijapani angebaki uwanjani. Wapo waliosema baba ni baba. Ugomvi wa mkataba uliendelea, na katikati yake, mwezi Julai, mkurugenzi wa klabu aliyekuwa akibeba mzigo wa mazungumzo hayo alijiua huko Tokyo. Hakuna aliyeshinda. Kwangu mimi hukumu ni nyepesi: mzazi aliyechagua kukaa na mtoto hakuvunja kitu chochote chenye thamani. Mtoto alipona. Bass, akiwa na miaka 34 na wastani wa 0.321 msimu huo, hakucheza tena kokote.

Alirudi Lawton na kushika kilimo, kisha siasa. Mwaka 2004 alichaguliwa kuwa seneta wa jimbo la Oklahoma kwa chama cha Democratic, akakaa kwenye kiti hicho zaidi ya miaka kumi. Wajapani waliomtembelea walimkuta mtu anayeongea taratibu juu ya bajeti na shule, na ambaye nyumbani kwao ni wachache waliomkumbuka kama mchezaji. Alipokwenda Osaka kwa mechi za wakongwe, wazee walilia.

Hanshin wakati huo walikuwa wamekaukiwa. Walifika fainali ya Japani mwaka 2003, 2005 na 2014, wakafungwa zote. Mashabiki walisema ni laana ya Kanali aliyetoswa mtoni. Tarehe 10 Machi 2009 mafundi waliokuwa wakijenga njia ya kando ya mfereji walikutana na kitu kwenye matope, wakadhani ni pipa, kisha wakadhani ni maiti. Ilikuwa sehemu ya juu ya ile sanamu. Siku iliyofuata waliipata miguu na mkono wa kulia. Mkono wa kushoto na miwani havikuonekana.

Januari 2023 Bass aliingizwa katika jumba la heshima la besiboli ya Japani, pamoja na Alex Ramirez wa Venezuela. Miaka 35 ilikuwa imepita tangu afukuzwe. Tarehe 5 Novemba mwaka huohuo Hanshin waliwafunga Orix Buffaloes katika mechi ya saba na kuwa mabingwa wa Japani kwa mara ya pili, na kocha wao alikuwa Akinobu Okada, yule wa homurani ya tatu ya Aprili 1985. Machi 2024 kampuni ya KFC Japani iliiaga sanamu iliyochakaa kwa ibada na pombe ya sake, kisha ikaitupa.

Michezo 614, homurani 202, wastani wa jumla 0.337: ndiyo hesabu ya miaka sita ya Bass. Na ule wastani wa 0.389 wa mwaka 1986 haujafikiwa na mchezaji yeyote wa ligi ya Japani, mwenyeji wala mgeni. Ichiro Suzuki ndiye aliyeukaribia zaidi, mwaka 2000, akaishia 0.387.